Tunachangia Misiba, Matairi Je?

Wadau, leo naomba tuweke kando siasa za nyumbani na ubishi wa Simba na Yanga. Naandika kutoka Ottawa, mji mkuu wa Kanada, na mada yangu ni tairi. Ndiyo, tairi la gari. Najua kuna walioguna tayari. Vumilieni, maana mada hii inagusa watu wetu, pesa zetu na misiba yetu.

Hoja yangu ni hii: kwenye theluji, vani kuukuu yenye matairi manne mazuri ya baridi ina nafasi kubwa ya kusimama kwa wakati kuliko gari jipya la kifahari lililovaa matairi ya kawaida. Kama hilo ni kweli, na nitaeleza kwa nini ni kweli, basi ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi huku wanabana matumizi mahali pasipobanika.

Kwanza niwaeleze mlioko nyumbani ni vani gani ninayoisema. Ni yale magari ya familia ya viti saba ambayo Dar tungeyaita Noah yote, hata yasiyo Toyota. Huku mfalme wake ni Dodge Grand Caravan, gari lililokuwa likitengenezwa Windsor, ndani ya jimbo hili hili la Ontario, hadi mwaka 2020. Likishafikisha miaka kumi na tano bei yake inashuka, vipuri vinapatikana kila kona na fundi yeyote analijua. Ndiyo maana ukienda kwenye sherehe ya Warundi au Wakongo hapa mjini, nje utayakuta yamejipanga kama daladala za Kariakoo.

Na kama daladala, magari haya yana kazi. Saa kumi alfajiri, mabasi ya mji yakiwa bado machache, vani inapita nyumba kwa nyumba kukusanya watu. Mmoja anasafisha maofisi, wawili wako kwenye ghala la mizigo, mwingine anatunza wazee. Kila mtu anatoa dola kadhaa kwa wiki za mafuta. Wote wanajua bei ya mafuta. Mimi nikipanda magari haya huwa nauliza habari za matairi, na mara nyingi nachekwa. "Wewe mwandishi, umeanza lini ukaguzi wa trafiki?"

Sasa angalieni mji huu ulivyokaa. Katikati unapita mto. Upande mmoja ni Ottawa, jimbo la Ontario. Upande wa pili ni Gatineau, jimbo la Quebec. Ukivuka daraja la Portage kwa miguu, dakika chache tu uko jimbo jingine. Baridi ni ile ile: usiku wa Januari nyuzi 14 au 15 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na kwa msimu mzima theluji inayoanguka inapita mita mbili. Lakini sheria si ile ile.

Quebec imelazimisha matairi ya baridi tangu majira ya baridi ya mwaka 2008. Mwaka 2019 tarehe ya kuanza ilivutwa kutoka 15 Desemba hadi 1 Desemba, na mwisho ni 15 Machi. Ukikamatwa bila hayo faini ni dola 200 hadi 300. Ontario haina sheria ya namna hiyo kwa magari ya kawaida. Tena sheria ya Quebec inayabana magari yaliyosajiliwa Quebec. Kwa hiyo vani yenye namba za Ottawa inaweza kuvuka daraja alfajiri na matairi kipara ya misimu yote, ikaingia barabara zile zile za Gatineau ambako jirani yake angepigwa faini. Theluji haisomi namba za gari, wadau.

Sasa tairi la baridi ni nini hasa? Wengine wanadhani ni tairi lenye kashata kubwa tu, kama la trekta. Hapana. Siri ya kwanza iko kwenye mpira wenyewe. Mnakumbuka mafuta ya nazi wakati wa kipupwe? Jana yalikuwa yanamiminika, leo asubuhi yameganda kwenye chupa mpaka uyaanike juani. Mpira wa tairi nao baridi huufanyia jambo linalokaribiana na hilo. Haugandi, lakini unakakamaa. Watengenezaji wa matairi hutaja nyuzi joto 7 kama mpaka: chini ya hapo tairi la kawaida linaanza kuwa gumu, hata kama hakuna theluji wala barafu. Tairi gumu halishiki barabara. Linateleza juu yake kama sahani.

Tairi la baridi limechanganywa mpira wa namna nyingine, wenye silika nyingi, unaobaki laini hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Siri ya pili ni vile vichanjo vyembamba vinavyokatwa juu ya kashata, mamia kwa mamia, mithili ya chale. Gari likipita vinafunguka na kuuma theluji. Wafini ndio wanaotambuliwa kwa kuanza: kampuni ya Nokian ilitoa tairi lake la kwanza la baridi mwaka 1934, kwa ajili ya malori. Watu wanaoishi na theluji nusu mwaka hawakulibuni kwa ajili ya urembo.

Jinsi ya kulitambua ni rahisi. Tazama ubavuni mwa tairi utafute alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Alama hiyo maana yake tairi limepimwa kwenye theluji na likafaulu. Herufi M+S peke yake hazitoshi. Zinaelezea umbo la kashata zaidi kuliko uwezo wa tairi, na Quebec iliacha kuzikubali peke yake Desemba 2014. Na hilo jina "matairi ya misimu yote" ni jina la biashara. Huku kuna misimu minne na tairi lile linafanya kazi vizuri mitatu.

Wewe uliyeko Dar usicheke sana. Baadhi ya magari ya mtumba kutoka Japani hushuka bandarini yakiwa bado yamevaa matairi ya baridi, maana kaskazini ya Japani theluji ni nyingi. Mengine yameandikwa kabisa ubavuni neno "STUDLESS". Mpira ule laini kwenye lami ya Morogoro Road saa nane mchana unalika haraka na breki zake ni mbovu. Kichunguze kilicho chini ya gari lako.

Turudi kwenye theluji. Kuna hoja tatu ninazozisikia kila mwaka ifikapo Oktoba, na nataka nizijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: "Gari langu linavuta magurudumu yote manne, halina shida." Ndugu yangu, injini ikisukuma magurudumu manne inakusaidia kuondoka. Kusimama ni habari nyingine, maana karibu kila gari barabarani lina breki kwenye magurudumu manne tayari, hata vani ya mjomba yenye kutu. Kinachosimamisha gari ni ule mpira unaogusa barabara, na kila tairi linagusa barabara kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono. Viganja vinne hivyo vimebeba karibu tani mbili za vani kabla hata watu saba hawajapanda. Ukifunga breki kwenye theluji ukiwa kwenye mwendo wa mjini wa kilomita 50 kwa saa, tofauti kati ya tairi la baridi na la misimu yote inaweza kuzidi urefu wa gari zima. Urefu wa gari ndiyo tofauti ya kusimama kabla ya kivuko cha watoto wa shule au kusimama katikati yake.

Hoja ya pili: "Mimi naendesha taratibu." Safi sana, na uendelee. Aliyekulia kijijini tayari ana nusu ya ujuzi huo. Kuendesha kwenye theluji ni kama kubeba ndoo ya maji kichwani: hukurupuki, hugeuki ghafla, husimami ghafla. Aliyewahi kupita barabara za tope za Kagera wakati wa masika anajua kuwa ukikanyaga mafuta kwa hasira unajichimbia kaburi. Lakini ujuzi wa dereva hupita kwenye tairi ndipo ufike barabarani. Barafu inateleza zaidi ikikaribia kuyeyuka, karibu na sifuri, kuliko ikiwa ngumu kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Maana yake siku inayoonekana nzuri, yenye jua na vijitone vya maji, inaweza kuwa mbaya kuliko ile iliyokutisha. Na daraja huganda kabla ya barabara kwa sababu hewa baridi inalipiga juu na chini. Kwenye mji wa madaraja kama huu, taratibu peke yake haitoshi.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito: "Gari lenyewe nimelinunua dola 2,500. Nilivalishe matairi ya dola 900?" Naielewa. Mtu ana kodi ya nyumba, ana ada ya mdogo wake Kigoma, ana mama anayesubiri dawa Bujumbura. Lakini hesabu hiyo imeanzia mahali pabaya. Bei ya tairi hailinganishwi na bei ya gari. Ilinganishe na watu waliomo ndani. Vani ya dola 2,500 inayobeba watu saba alfajiri imebeba familia saba za huku na pengine ishirini za nyumbani zinazosubiri pesa mwisho wa mwezi.

Tena ukipiga hesabu vizuri gharama si kubwa kama inavyoonekana. Matairi ya baridi yakifanya kazi, yale ya kiangazi yanapumzika. Seti mbili zinadumu takriban mara mbili ya seti moja. Ukinunua na rimu zake za chuma, kila msimu unabadilisha kwa jeki na spana uani kwako badala ya kumlipa fundi avue na kuvisha tairi. Tangu 1 Januari 2016, kampuni za bima za Ontario zinatakiwa kutoa punguzo kwa mwenye matairi ya baridi. Punguzo si kubwa, lakini lazima ulidai. Piga simu. Na kwa asiyeweza kabisa kununua seti mbili, kuna matairi ya hali zote yenye ile alama ya mlima, yanayokaa mwaka mzima. Hayafikii ya baridi kamili, lakini yanayaacha mbali ya misimu yote.

Kwa wenye vani za zamani nina maneno ya ziada, kwa sababu uzee wa gari una mambo yake.

Usinunue matairi mawili tu ukayaweka mbele. Vani nyingi za familia huvutwa na magurudumu ya mbele, na injini iko hapo hapo juu yake, kwa hiyo watu husema nyuma hakuna kazi. Matokeo yake mbele panashika, nyuma panateleza, na ukikata kona vani inageuka kutazama ilikotoka. Ni manne au uache. Zile vani kubwa za mizigo zinazosukumwa kutoka nyuma, kama Ford Econoline za zamani, zina ugonjwa wao: zikiwa tupu nyuma ni nyepesi na zinakosa mshiko. Wazee wa huku huweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma. Mchanga huo huo utakutoa ukikwama.

Kumbuka pia kuwa Kanada ilianza kulazimisha mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiserereke kwa magari yaliyotengenezwa tangu 1 Septemba 2011. Vani nyingi za kabla ya hapo hazina. Gari jipya lenye mfumo huo humsaidia dereva kusahihisha. Kwenye vani ya 2005, wewe na tairi ndio mfumo wenyewe.

Halafu upepo. Tairi lililojazwa upepo 35 ndani ya gereji yenye nyuzi joto 20 litasoma kama 28 asubuhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, bila pancha wala mchawi. Baridi imeusinyaza tu. Vani kuukuu haina taa ya kukuambia, kwa hiyo pima mwenyewe.

Ukinunua matairi ya mtumba, soma tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne: 3514 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Kuna duka moja, silitaji, nililoliona limepaka matairi rangi nyeusi mpaka yanameta kama viatu vya bwana harusi, na yalikuwa na umri wa mtoto wa darasa la saba. Kashata nazo zipimwe. Sheria inaridhika na milimita 1.6, lakini kwenye theluji ushauri wa kawaida ni zisipungue 4.

Na jambo la mwisho, ambalo halihusu tairi ila linaua kimya kimya. Chumvi inayomwagwa barabarani inakula chuma, na kwenye vani ya zamani inakula mabomba ya breki na ekzosi. Ukikwama kwenye theluji na injini inaunguruma ili watoto wapate joto, hakikisha ekzosi haijazibwa. Moshi ukirudi ndani una gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Koleo dogo na blanketi vikae garini msimu mzima.

Baada ya hayo yote, nini kifanyike? Serikali ya Ontario ivuke daraja ikajifunze. Naunga mkono sheria kama ya Quebec, lakini siungi mkono faini peke yake, kwa sababu faini bila msaada humwangukia mwenye vani ya dola 2,500 na kumwacha mwenye gari la kifahari. Jimbo la Manitoba lilionyesha njia: mwaka 2014 shirika lake la bima la umma lilianzisha mkopo wa riba nafuu wa kununulia matairi ya baridi, hadi dola 2,000 kwa gari, unaolipwa kidogo kidogo. Sheria na mkopo vikienda pamoja, hakuna atakayesema ameonewa.

Lakini mimi sikai nikisubiri bunge la Toronto. Sisi tunajua kuchangishana kuliko watu wengi. Harusi ina kamati, ubarikio una kamati, upatu wa akina mama hauchelewi hata siku moja. Na mtu wetu akifia barabarani Februari, kabla ya jioni kamati imeshaundwa, mwenyekiti na mhazini wamepatikana, na ujumbe unazunguka kwenye simu: maelfu ya dola ya kusafirisha mwili hadi nyumbani. Tunazipata. Sijawahi kuona tukishindwa kuzipata, na ni jambo jema, ni utu wetu. Ninachouliza ni kwa nini mkono huo uwe mwepesi kwa jeneza na mzito kwa tairi.

Hebu tupige hesabu ya vani moja. Dereva na abiria sita. Kila abiria atoe dola 5 za ziada kwa wiki, kuanzia Aprili theluji inapoyeyuka hadi mwisho wa Septemba. Hizo ni wiki 26, jumla dola 780. Dereva aongeze zake kidogo. Oktoba inapofika gari lina matairi manne mapya yenye mlima ubavuni, na kila aliyemo amelipia sehemu yake ya usalama wake. Hakuna aliyemsaidia dereva hapo. Kila mmoja amejisaidia.

Na wewe abiria, usiogope kuonekana mjuaji. Dada, kaka, kabla hujafunga mlango wa vani alfajiri ya kwanza ya theluji, salimia kwanza kisha uliza: "Kaka, matairi yako yana mlima?" Akicheka, cheka naye. Kisha rudia swali.

Naomba kutoa hoja.